Sakafu ya Apio

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepewa kitabu. Kila ukurasa una nafasi nne: Tarehe, Kazi, Dawa, Sahihi. Nafasi ya Kazi ndiyo pana, kwa hivyo nitakaa humo.

Aliyekileta ni Mathews, afisa wa kampuni, kijana wa Mundika mwenye viatu ambavyo havijawahi kukosana na matope. Alitukusanya wakulima kumi na wawili nyumbani kwa Apio, mwenyekiti wa kikundi. Kampuni inataka mtama mweupe wa kupika bia. Masharti ni haya: mbegu ni ile nyeupe watakayotupa, basi. Mtama mwekundu usionekane hatua mia mbili kutoka shambani. Mavi ya ng'ombe yasiguse nafaka. Na kila siku mtu aandike kazi aliyofanya.

"Bwana Mathews," nikamuuliza, "na msomaji ni nani?"

"Kinasomwa, mzee. Kutoka hapa kinaenda Nairobi, Nairobi kinaenda ng'ambo kwa wenye kampuni. Mnywaji wa kule siku hizi anataka kujua mtama wake ulilimwa na nani."

Basi wewe wa ng'ambo, hujambo. Aliyelima ni mimi, Ongodia, miaka sabini na nne, meno tisa. Nakaa nje kidogo ya Angurai. Shule niliacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alikuwa anachapa sana na mimi nilikuwa najibu sana. Mke wangu Nasimiyu alikufa mwaka jana mwezi wa nane. Ukinywa, kunywa polepole.

Jumatano, 6 Machi

Kazi: kulima. Ng'ombe ni wa Emong, mwenzangu kwa kikundi, jembe ni la Emong, mgongo ni wangu.

Jumanne, 19 Machi

Kazi: kupanda. Mvua imekuja na adabu, imenyesha ikaacha tufanye kazi.

Apio ameng'oa mihogo yake yote, hata ile ya mwaka wa pili iliyokuwa imenona, ili shamba lote liwe la kampuni. Shamba lake na langu yanapakana. Nilisimama kwa ua nikamchokoza.

"Mama Sharlyne, njaa ikija mtatafuna bia?"

"Baba Robinson, mihogo haijawahi kumfikisha mtu chuo." Hakuinua hata kichwa. "Nyoosha laini zako. Kampuni inaangalia."

Sharlyne ni bintiye, anasomea uuguzi, bado mwaka mmoja. Masomo yake yanatembea kwa ile nambari ya mamake ya kuuzia mtama pale kampuni; nambari ikianguka, naye anarudi nyumbani. Mimi nasema Apio ameokoka mara mbili, mara ya kwanza kwa Yesu, mara ya pili kwa mtama. Kampuni inasema hivi, kampuni inataka vile. Marehemu mumewe hakuwahi kutiiwa namna hiyo.

Ijumaa, 22 Machi

Wewe wa ng'ambo, hii usimwambie Mathews.

Juu ya meko ya Nasimiyu kuna kibuyu, na ndani yake kuna mbegu ya mtama mwekundu. Alikuja nayo kutoka kwao siku ya kuolewa, akaipanda kila mwaka kwa miaka arobaini na sita. Kwa ukoo wetu matanga hayaishi mpaka unywewe mtungi wa mwisho wa pombe, na mtungi huo haupikwi kwa nafaka ya sokoni. Unapikwa kwa mbegu ya mkono wa aliyekufa. Bila huo, Nasimiyu bado amesimama mlangoni, na sisi tunapita kando yake tukijifanya hatumwoni.

Nimepanda mistari sita nyuma ya choo. Nilipima: hatua arobaini na moja kutoka kwa mtama wenu. Lakini viatu vya Mathews havifiki huko.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Kazi: kuangalia mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua imetufungia ndani, kwa hivyo nitakupa historia, maana nafikiri hukupewa.

Nikiwa kijana tulipanda pamba. Afisa alikuja na kitabu. Nilibeba marobota kwa kinu cha pamba mpaka bega hili la kulia likawa chini ya mwenzake. Fundi wa nguo pale Malaba hunishonea koti bila kunipima, anajua. Siku moja kinu kikanyamaza. Mitumba ikaja, tukaanza kuvaa pamba ya watu wengine. Halafu ikaja tumbaku. Afisa, kitabu. Tulikata miti yote ya kilima ili tukaushe majani, na kampuni ilipoondoka ilituachia kilima na kikohozi. Sasa ni mtama.

Mwanangu Robinson hushughulikia karatasi za malori mpakani Malaba. Yeye husoma magazeti, na anasema haya ndiyo maendeleo: nchi inatoka kwa jembe inaingia kwa kiwanda. Nikamwambia kweli, mimi nimeiona ikiingia mara mbili, na kila mara inafunga mlango nyuma yake. Hakucheka. Zamani kila lori lilihitaji vijana watano wa kukimbia na karatasi kutoka dirisha hili mpaka lile. Sasa karatasi zinapita kwa kompyuta, na Robinson anakimbia mikono mitupu.

Jumatano, 15 Mei

Kazi: palizi. Dawa: ile ya kampuni. Imeua viwavi na kuku mmoja wa Emong. Kuku hana nafasi kwa kitabu, nimempa hii.

Jumatatu, 3 Juni

Mtama umetoa vichwa, na ndege wamejua kabla ya Mathews.

Nikueleze. Mtama mwekundu ni mchungu. Ndege anaonja, anatema, anaenda kwa jirani. Huu wenu mliutoa uchungu ili bia iwe tamu. Vizuri sana. Lakini hakuna aliyewaambia ndege kwamba si wao walioalikwa. Wanashuka kama wingu lenye njaa. Watoto wako shule, vijana wako mpakani wanatafuta mzigo wa kusukuma, kwa hivyo wafukuza ndege ni mimi na Apio, kila mtu na sufuria yake na mwiko wake, kuanzia alfajiri. Mistari sita nyuma ya choo haijaguswa hata na shomoro.

"Piga kwa nguvu, Baba Robinson. Hiyo ni sufuria au unabisha hodi?"

"Mama Sharlyne, katika maisha yangu nimekuwa mchukuzi, mkulima, na mume. Kuwa kengele nimeanza leo."

Alicheka. Sijui kama nimewahi kumwona akicheka. Ana mwanya.

Alhamisi, 13 Juni

Ndege.

Jumanne, 18 Juni

Nilisinzia nikiwa nimekaa. Nilipoamka jua lilikuwa juu, na upande wangu haukuwa na ndege hata mmoja. Apio alikuwa ameshika sufuria mbili, moja kila shamba, anakimbia huku na huku kama mtu mwenye wagonjwa wawili. Sauti ilikuwa imemwisha.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ungekuja kuongea."

Aliniletea uji. Nilisema yule mama ni mtumwa wa kampuni. Nafikiri nilisema mapema.

Jumatano, 3 Julai

Mtama wa Nasimiyu umekomaa. Nimeuvuna na kuukausha kimya kimya ndani ya nyumba. Kuupura ndiyo shida, kwangu hakuna sakafu. Mahali pote hapa sakafu nzuri ya kupuria ni ya Apio. Jana nilimwomba.

"Ya nini?"

"Maharagwe kidogo."

"Pura tu. Mimi naenda soko la Malaba. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Nimepura asubuhi nzima. Debe moja na nusu, jekundu kama jicho la mlevi. Nikafagia, nikarudisha ufagio. Nilimdanganya jirani kwa ajili ya mke wangu, na mke wangu angenipiga kwa hilo.

Jumamosi, 13 Julai

Zamani, kabla ya kupura nafaka yoyote, wanawake walisiriba sakafu upya kwa mavi ya ng'ombe na udongo. Wimbi lilipata sakafu yake, mtama sakafu yake, na kila ufa ulizibwa. Nasimiyu alikuwa anasema nafaka haipendi kulala kwa kitanda cha mwenzake. Mwaka huu mavi yamekatazwa. Badala yake kampuni iliahidi turubai kumi na mbili. Zikaja mbili.

Leo mawingu yalisimama upande wa Elgon, watu wote wakabeba mtama wao mbiombio kwa Apio. Turubai zikajaa. Waliobaki wakapura kwenye sakafu tupu, na jua la wiki mbili lilikuwa limeipasua kama kisigino changu. Mimi ndiye niliyeifagia kwanza. Niliifagia mara mbili. Watu wakasema, tazameni mzee alivyo na bidii.

Kampuni hupokea mzigo wa kikundi kama kitu kimoja, kwa hivyo tulimwaga wote pamoja, tukajaza magunia hamsini na nane, tukashona kwa uzi wa buluu wa Apio. Mvua ikaanza gunia la mwisho likiingia ndani.

Jumatatu, 22 Julai

Lori limekuja leo. Nitaandika yote.

Dereva ni Kiptoo, mtu wa Eldoret, mpole. Aligeuza gari, akafungua nyuma, sisi tumevaa nguo za kanisani kama watu wa harusi. Apio alikuwa na daftari la kikundi kwapani. Mathews akatoa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia, akalichoma gunia la kwanza, akamwaga punje kwenye sahani nyeupe. Akachambua kwa kidole. Sheria yao ni kwamba punje nyekundu tatu kwa sahani zinasamehewa.

Alipata kumi na nne.

"Boss, angalia lingine," Apio akasema.

Akaangalia lingine. Tisa. Lingine. Kumi na moja. Alichoma magunia manane, na kila alipomwaga sahani mimi nilizijua zile punje kama mtu anavyojua meno yake mwenyewe.

"Mzigo wote umekataliwa," Mathews akasema. Aliongea na sahani, hakutuangalia. "Nasikitika, mama. Bia itabadilika rangi."

Emong alikaa chini kwenye gunia lake. Kiptoo akafunga nyuma ya lori, akanisogelea kwa sababu mimi nilikuwa karibu.

"Mzee, nimekuja na gari tupu, narudi na gari tupu. Hata mimi wamenikataa."

 

Jumanne, 23 Julai

Mathews amerudi. Kampuni inataka chanzo. Mwenye kuchafua atafutwa, nambari yake itoke. Wengine wataendelea msimu ujao.

"Mpaka Ijumaa niwe na jina," alisema. "Nikikosa, nitaandika sakafu. Sakafu ni ya nani?"

"Ni yangu," Apio akasema.

Emong akamgeukia. "Mwenyekiti, ulipura nini hapo?"

"Mimi sikupura kitu."

"Basi ulimwazima nani?"

Apio alitutazama mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Aliponifikia hakukaa zaidi kuliko kwa wengine. "Mwenye neno atalisema mwenyewe," akasema, akaingia ndani.

Mimi, ambaye darasa la tano lilinishinda kwa kujibu, sikujibu.

Jumatano, 24 Julai

Kesho Mathews anachukua vitabu. Nimefikiria usiku kucha na nimeona njia.

Wewe wa ng'ambo, umekuwa nami tangu Machi. Sikiza sasa. Aliyechafua mzigo ni mimi, Ongodia. Nilipanda mwekundu nyuma ya choo, nikaupura kwenye sakafu ya Apio tarehe tatu Julai, nikamwambia ni maharagwe. Sakafu haikusiribwa kwa sababu mlikataza. Lakini nilijua punje zimebaki kwenye nyufa, ninyi hamkujua. Apio hana kosa. Toa nambari yangu, acha yake. Nimeweka punje saba za Nasimiyu katikati ya ukurasa huu, ulinganishe na zile za sahani.

Nikisimama mbele ya Emong na wengine kusema haya, magoti yatanikataa. Kwa karatasi naweza. Kitabu kitanisemea.

Jumapili, 28 Julai

Kitabu kimerudi kwangu, na wenzangu pia wamerudishiwa vyao.

Alhamisi nilimpa Mathews kwa mkono wangu. Nikirudi nilipita mlangoni kwa Apio, nikamsalimia vizuri, roho nyepesi, kama mtu aliyetubu. Ijumaa nilikaa nje tangu asubuhi nikingoja pikipiki ya Mathews ije kwa hasira. Haikuja. Jumamosi tuliitwa. Mathews alisoma: nambari ya Apio imetolewa. Kisha akagawa vitabu. Changu kilikuwa na muhuri ukurasa wa kwanza na neno moja la kalamu nyekundu: Safi.

Nikafungua ile Jumatano. Punje saba zilikuwa zimelala pale pale nilipoziweka, kwa mstari.

Nikasimama. Magoti hayakukataa, kumbe yangeweza siku zote. "Bwana Mathews, ni mimi. Nimeandika humu."

Mathews akageuza ile simu yake kubwa kama sinia ili nione. "Mzee, fomu imeenda jana jioni. Ona, imejazwa sakafu. Nafasi ya mtu imejifunga. Nikifungua sasa itaniuliza kwa nini nilikosea, na mimi nina mkataba wa miezi mitatu tu."

"Na vitabu si mnasoma?"

"Tunapiga picha ukurasa wa kwanza, mzee. Jina na nambari. Vitabu ni vingi." Akashusha sauti. "Ungesema Jumanne. Jumanne ningeandika jina lako kwa kalamu."

Emong alitema mate karibu na mguu wangu. Hakukosea shabaha, alinihurumia. Apio alikuwa ameshaondoka.

Jumanne, 6 Agosti

Jana Apio alikubali broka achukue magunia, maana mvua inaingia kwa ghala. Bei sitaiandika, ina aibu.

Leo Robinson amenipigia simu kutoka Malaba. Lori la broka limesimama mbele ya ghala la kampuni yenyewe, na magunia yana uzi wa buluu. Nikamwambia haiwezekani, watachoma bambo. Akasema, "Baba, wamechoma gunia moja wakaingiza. Msimu huu mtama ni kidogo. Wa broka unaingia kwa lango lingine, hauna kitabu."

Kwa hivyo mtama wa Nasimiyu umefika kwa kampuni. Bia haijabadilika rangi. Kilichobadilika ni Apio, kutoka kuwa na nambari mpaka kutokuwa nayo.

Wewe wa ng'ambo, nimezoea kukuita hivyo, sijui kwa nini naendelea. Nilikuambia siri zangu zote na hukuwepo.

Jumamosi, 17 Agosti

Mtungi umenywewa leo. Bintiye Emong ndiye aliyepika, na amepika vizuri. Tulikuwa watu ishirini na kitu, tumeuzunguka, kila mtu na mrija wake. Emong alikuja, akakaa mbali, akanywa bila kuniangalia. Hiyo naielewa.

Sikumtarajia Apio. Alikuja na mrija wake katika ala ya mwanzi, akavuta kigoda, akakaa karibu nami. Akavuta mara moja, ndefu.

"Ni ya Nasimiyu kweli," akasema.

"Ni yake."

"Yale maharagwe yako yalitoka mazuri."

Nikaweka mrija chini.

"Niliporudi kutoka soko siku ile," akasema, kwa sauti ya kuongea hali ya hewa, "nilichukua ufagio wangu. Ulikuwa na makapi mekundu. Baba Robinson, mimi nimepura mtama tangu nikiwa na miaka sita."

"Ulijua? Na Jumanne ukanyamaza?"

"Ningekutaja, wangesema mwenyekiti anamsukumia kosa mzee ambaye hajamaliza kulia. Halafu nilijua ni ya nini. Nasimiyu alikuwa rafiki yangu kabla hujajua jina langu." Akavuta tena kidogo. "Kwa hivyo nilingoja. Jumatano nilikuona umekaa nje unaandika, unafuta, unaandika. Nikasema, anatafuta maneno, kesho atakuja. Alhamisi ukapita kwa mlango wangu ukanisalimia."

"Nilikuwa nimeandika yote, Mama Sharlyne. Kila kitu. Nilikutetea."

"Kwa nani?"

Nikaokota mrija wangu.

"Mimi najua kusoma," akasema. "Na mlango wangu uko hatua ishirini."

Alichomoa mrija wake kwenye mtungi, akaupangusa kwa leso kutoka juu mpaka chini bila haraka, akaurudisha katika ala yake, akaenda nao. Watu wote waliona. Kwetu mtu akitoka kwa mtungi huacha mrija, wenzake wajue atarudi.

Jumapili, 18 Agosti

Matanga yameisha. Nasimiyu ametoka mlangoni.

Asubuhi Sharlyne, ambaye angekuwa chuoni, alikuwa anafagia sakafu ya mamake. Alinisalimia kwa heshima. Nilimjibu, nikapita.